Maneno Yangu Kinywani mwa Egidi

Tulimzika Egidi kule Ndama mwezi uliopita, mchana wa jua kali. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu, sahani ya ndizi na maharage mapajani. Sikwenda kulia. Nilikwenda kwa sababu mjane wake ni mtu mwema ambaye hajanikosea kitu, na kwa sababu nilitaka kuliona jeneza likishuka kwa macho yangu mwenyewe. Mambo yalikwenda sawa mpaka shemeji yake alipokamata kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma habari za ubatizo, za kwaya na za biashara ya mitumba, kisha akainua kichwa na kutabasamu. “Wenye umri wangu mtakumbuka,” alisema, “kabla vijana hawa hawajazaliwa, marehemu ndiye aliyezijua gemu za televisheni hapa Karagwe. Alikuwa akiitazama gemu mpya mara moja tu, anakwambia hii itadumu, hii haitadumu. Na ule msemo wake, wanawe wanaurudia mpaka leo: gemu nzuri ikikuua unalijua kosa lako, gemu mbovu inakuua kama radi.” Watu wakaguna kwa kukubali. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akanigusa goti. “Leokadia, mbona umeacha kula?” Nikamwambia nimeshiba. Na kweli nilikuwa nimeshiba, lakini si ndizi. Msemo ule ni wangu. Niliusema mimi, kinywa changu hiki, katika chumba cha nyuma cha mgahawa wa Bi Zuhura pale Kayanga, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na Egidi alikuwa ameketi kushoto kwangu anakula chapati ya bure. Msibani nilinyamaza kwa heshima ya mjane. Hapa sinyamazi.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya wakimbizi wa Rwanda kurudi kwao. Barabara ya Kayanga, iliyokuwa imezoea malori na magari meupe, ilitulia ghafla, na wageni waliokuwa wakifanya kazi makambini wakaondoka mmoja mmoja wakiuza vitu vyao kwa yeyote aliyetaka: magodoro, mataa, sufuria, viti vya kukunja. Bi Zuhura, mwenye mgahawa nilimokuwa nikipika chapati na chai, alinunua televisheni kutoka kwa mzungu mmoja, na ndani ya boksi lake akakuta kijisanduku cheupe chenye nyaya mbili. Bi Zuhura alikuwa mtu wa Tanga kwa asili, amekuja Karagwe akiwa bibi harusi na amebaki akiwa mjane, na hakuwa mtu wa kutupa kitu. “Hebu tazama, mwanangu,” aliniambia, “hii redio gani isiyo na spika?” Nilikipeleka pamoja na televisheni stoo, kile chumba cha nyuma chenye magunia ya maharage na ya kahawa kavu, nikachomeka waya huu kule na ule huku. Jenereta iliyokuwa ikiendesha friji yake ilipowashwa baada ya chakula cha mchana, kwenye kioo kikatokea kifaru kidogo cha kijani kikilinda nyumba ya matofali. Nilibonyeza kitufe. Kifaru kikapiga risasi, na risasi ikaibomoa nyumba yangu mwenyewe. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa sijapata kukutana na kitu kinachoniacha nikosee kiasi hicho, kisha kikaniambia, bila kunitukana, haya, anza tena.

Harufu ya chumba kile nikiitaka naipata hata sasa: vumbi la kahawa, mafuta ya taa, na joto la televisheni. Dirishani tulitundika kanga ya zamani ya Bi Zuhura ili jua lisikipige kioo. Waliokuja walikaa juu ya magunia. Walikuwa madereva, wanunuzi wa kahawa, walimu wawili watatu, na Egidi, ambaye meza yake ya mitumba ilikuwa mlango wa pili. Egidi alikuwa na sauti nzito tamu, ndiye besi ya kwaya yetu ya parokia, na alikuwa ameanza kuniita mchumba kwa utani, ule utani ambao mtu anaurusha halafu anachungulia umeangukia wapi. Sikuukataa. Nilimwekea chapati pembeni. Tulicheza pamoja ile gemu ya vifaru, yeye kushoto, mimi kulia, na mara nyingi alikuwa akikimbilia mbele kutafuta sifa na kuniachia mimi kazi ya kulinda nyumba. Ningekuwa na akili ningejifunza pale pale.

Bi Zuhura alipoona watu wanakuja, alianza kuagiza kaseti za gemu kwa dereva aliyekuwa akienda Kampala. Hapo ndipo nilipojulikana. Kila kaseti mpya ilipofika, mimi ndiye niliyeijaribu kwanza, watu wakinisubiri na vikombe vya chai mikononi, kisha naweka chini pedi ya kuchezea na kusema. Sikujifunza popote kusema vile. Nilisema nilichokiona. Ile ya mpira niliikataa kwa sababu golikipa alianguka upande wake wa kulia siku zote, hivyo ukishajua siri hiyo mchezo umekwisha, unabaki kazi ya mikono. Ile ya pikipiki ilikuwa na milima mizuri nyuma, watu wakaipenda kwa macho. Nikawaambia subirini, tazameni ule mti uliovunjika, ndio ule ule tunaoupita tangu tuanze, tumedanganywa, tunazunguka shamba la mtu mmoja. Kaseti zilizoandikwa nje kuwa zina gemu mia kadhaa nilizifungua na kuwaonyesha kwamba ni gemu chache tu zilizobadilishiwa majina, kama mtu anayekuja msibani mara mbili kwa koti tofauti ili ale tena. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Na ilikuwa siku ya gemu moja ya upanga, iliyokuwa ikikuua bila kukuonya, niliposema ule msemo wa radi.

Dereva alituletea pia gazeti la rangi, la Kiingereza, lenye picha za gemu ambazo zilikuwa bado hazijatoka. Hilo lilikuwa tamu kuliko kaseti. Nililitandaza juu ya gunia na kuzihukumu gemu ambazo hakuna aliyezishika. “Huyu askari,” nilisema siku moja, “tazameni, picha nne na zote yuko kwenye daraja hili hili. Gemu nzima ni daraja. Kama wangekuwa na kitu kingine wangetuonyesha.” Mwalimu mmoja akanibishia kwamba huwezi kuhukumu chakula kwa picha. Kaseti ilipofika miezi kadhaa baadaye, baada ya daraja pakawa na giza na maneno ya pongezi, basi. Mwalimu yule alikuja jikoni kunishika mkono. Tangu hapo mtu akiniuliza gemu ijayo itakuwaje, anauliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mvua.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba mimi nilisemea chumbani, lakini Egidi alisemea barabarani. Alisimama kwenye meza yake ya mitumba, anakunja suruali, na maneno yangu yalimtoka yakiwa yamepakwa asali ya ile sauti yake. Niliyasikia nikipita kwenda kuchota maji, nikajisikia fahari. Nilidhani ananisifia. Leo nikiwaza ule ujinga, nakasirika upya.

Halafu akaja Haji Mbaraka. Alikuwa mfanyabiashara wa Bukoba, mtu mzima mwenye kanzu safi na haraka nyingi, na alikuwa anataka kufungua ukumbi mkubwa wa gemu karibu na soko la kule, wenye mashine mpya zinazotumia sidii. Alikuwa amesikia kwamba Kayanga yupo mtu anayejua kuchagua, akaja kumtafuta siku ya gulio. Mgahawa ulikuwa umejaa. Mimi nilikuwa jikoni, nakanda unga, na kati ya jikoni na meza palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani. Nilimsikia akiagiza samaki na ndizi, na nilimsikia akiuliza. Kisha nikaisikia besi.

“Ni mimi, Haji.”

“Mimi nimeambiwa ni msichana.”

Egidi alicheka, kicheko cha mtu aliyelizoea jambo. “Yule? Yule ni wa chapati, Haji. Anasikia ninavyosema, anarudia kama kasuku. Watu wanaona vichekesho, msichana kuzungumza gemu.”

Nilitoka na unga mikononi. “Egidi, nani kasuku?”

Egidi hakunitazama machoni, alitazama mikono yangu. “Dada Leo, nenda kanawe kwanza, mgeni anakula.” Watu waliokuwa wakiketi kwenye magunia yetu kila siku walikuwepo, wanne au watano, wote wakainamia sahani zao. Haji Mbaraka akaniambia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza zaidi, “Binti, samahani, tuna mazungumzo ya biashara hapa.” Bi Zuhura angenitetea, lakini alikuwa ameenda dukani. Nikarudi jikoni. Nilizipika zile chapati zote. Hakuna iliyoungua.

Kama angeishia pale huenda ningemdharau tu na kuendelea na maisha. Lakini mwizi anajua kwamba mwenye mali yuko macho. Jioni ile Egidi alikwenda kwa mama mdogo Paskazia, niliyekuwa nikiishi kwake, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkubwa wa kwaya upande wa wanawake. Akamwambia, kwa masikitiko, kama kaka, kwamba nashinda katika chumba chenye pazia pamoja na madereva, na kwamba yeye amejaribu kunionya. Mama mdogo hakuniuliza hata neno. Alisema tu, akifunga nguo zangu kwenye kitenge, “Nimekulea kwa jina, Leokadia, jina umelipeleka gulioni.” Nikaondolewa kwaya. Nikaondolewa kwa Bi Zuhura, ambaye alikuwa ameniahidi kunipa chumba kile nikiendeshe mwenyewe. Familia moja ya Kituntu iliyokuwa imeanza kuja kunichumbia ikaacha kuja. Nikapelekwa Kanoni, kwa mjomba Anatoli, kuvuna kahawa. Na Egidi akapanda gari kwenda Bukoba.

Nimewahi kusikia mahubiri mengi kuhusu hasira, kwamba inamla anayeibeba. Mimi hainili. Kule Kanoni hasira ndiyo iliyonilisha. Niliamka nayo, nikaingia nayo kwenye kibanja, shamba la mjomba la migomba na kahawa, nikachuma kahawa nayo, nikaitandaza mkekani pamoja na kahawa na kuigeuza ikauke sawasawa. Mjomba Anatoli alikuwa mzee wa maneno machache. Jioni tulikula ndizi na maharage, yeye na rubisi yake, pombe ya ndizi, na hakuniuliza kilichotokea. Siku moja tu alisema, “Ulichofanyiwa nakiona mgongoni mwako unavyoinama.” Nilimpenda kwa hilo. Usiku nilikuwa nacheza zile gemu zote kichwani, na adui katika kila moja alikuwa na uso wa mtu mmoja.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mimi na mjomba tukiwa uani tunageuza kahawa. Pikipiki ya kukodi ikasimama njiani, akashuka Egidi na viatu vipya, mkononi ana sukari na kitenge, kwapani ana gazeti. “Shikamoo, mzee,” akamwambia mjomba. “Marahaba,” mjomba akajibu bila kuacha kugeuza. Egidi akachuchumaa karibu na mkeka wangu. Akaniambia yaliyopita tusahau, sisi ni watu wa kwaya moja, maneno ya watu ni mengi. Hakusema samahani. Kisha akalifungua gazeti juu ya kahawa yangu. Haji anasafiri wiki ile kwenda Nairobi kununua, anataka kuambiwa gemu gani ajaze ukumbini, na yeye, Egidi, “amechoka kidogo na kazi,” akaona apate wazo la pili.

Mawe, mama yangu! Zile picha. Zilikuwa gemu za mashine mpya, ambazo nilikuwa sijaziona. Watu walikuwa na vivuli. Kwa kitambo nilimsahau Egidi kabisa. Palikuwa na gemu ya mpira ambayo wachezaji wake, kadiri muda ulivyokwenda, walichoka. Ungeona kwenye picha za dakika za mwisho wameinama, mikono magotini. Aliyefikiria kumchosha mchezaji amefikiria kila kitu, nikajua watu hawataiacha ile mpaka wazeeke. Palikuwa na ya kupigana, wapiganaji wengi, kila mmoja anasimama kwa namna yake. Na palikuwa na moja yenye jalada la rangi ya dhahabu, mwana wa mfalme juu ya farasi, imepewa kurasa mbili nzima, na katika kurasa zote mbili farasi yule alikuwa ameinua mguu mmoja tu, ule ule. Nikaicheka moyoni. Daraja limerudi.

Nikainua macho ili nimdanganye. Ndiyo, nilikuwa nimeshaupanga uongo. Lakini nilipomtazama nikaona kwamba yeye haangalii picha, ananiangalia mimi usoni. Ana wasiwasi. Anangoja niseme ili ajue nimemtegea wapi. Na hapo nikakumbuka nilivyokuwa nikimpiga katika gemu za kupigana: ukishampiga chini mara moja, Egidi atakinga chini mchezo mzima, na juu anabaki wazi. Mtu aliyekudhulumu hawezi kukuamini. Anakupima kwa kipimo chake. Basi nikaamua kumwambia kweli.

Nilimwambia kweli kwa upole, nikitabasamu, na ndio ubaya wote nilioutia. “Kaka Egidi, mwambie Haji anunue hii ya mpira, aweke mashine zote. Na hii ya kupigana. Hii ya dhahabu aiache kabisa, ni takataka, farasi hana hata hatua mbili.”

“Hii yenye kurasa mbili?” Akanitazama. “Iache?”

“Iache.”

“Kweli, Leo?”

“Kweli tupu. Naapa mbele ya Mungu, na mjomba anasikia.” Nikakipokea na kitenge, nikamshukuru kwa magoti. Niliona usoni mwake jinsi anavyozidi kupata hakika, na kwamba si hakika ya mpira. Alipopanda pikipiki alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeruka mtego.

Habari zilifika Kanoni kwa vipande vipande, kwa dereva wa kahawa. Ukumbi wa Haji Mbaraka umefunguliwa, una mashine nyingi, na kila mashine ina mwana wa mfalme wa dhahabu. Watu walijaa wiki ya kwanza kuja kumwona farasi. Wiki ya pili walikuwa wanamtukana. Kisha jirani wa Haji, ng’ambo ya barabara, akaleta ile gemu ya mpira kwenye mashine moja tu, na vijana wa Bukoba wakasimama foleni mpaka nje, wakaegemea ukuta wa Haji wakisubiri zamu kwa jirani. Nilipolisikia hilo la kuegemea ukuta niliingia ndani nikakaa kitandani, nikalifurahia polepole kama mtu anayekula senene wa kwanza wa msimu.

Lakini zawadi kubwa alinipa Egidi mwenyewe. Haji alipomwuliza ilikuwaje achague vile, Egidi aliogopa, akasema asichopaswa kusema. Alisema, “Yule msichana wa chapati alinidanganya.” Haji Mbaraka hakuwa mjinga. Akamwuliza, “Kama yeye ni kasuku, wewe ulikwenda kwa kasuku kutafuta nini?” Haji mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo, ameketi uani kwetu Kanoni kwenye kigoda, kanzu imeingia vumbi, Egidi amesimama nyuma yake. Alikuwa amesafiri mpaka kule kuuliza swali moja. “Binti, ulimwambia nini huyu?”

Kabla sijafungua kinywa, mjomba Anatoli akaacha reki yake. “Waitu, mgeni, nilikuwepo hapa hapa nageuza kahawa,” alisema kwa adabu ya Kinyambo. “Alimwambia chukua ya mpira, chukua ya kupigana, ile ya dhahabu ni takataka. Akaapa. Nami nilishangaa, maana ningekuwa mimi nisingemwambia kweli mtu kama huyu.”

Haji akageuka. “Egidi, alikwambia kweli?” Na Egidi, ile besi yote imeisha, akasema, “Nilidhani anataka kuniharibia.”

Haji akaniomba kazi ile niichukue mimi. Nilijua nitaichukua, na niliichukua, na miaka niliyokaa Bukoba nikimchagulia gemu ina sura zake. Lakini siku ile nilimwambia kwamba sitaondoka Kanoni kwenda popote ila kupitia Kayanga, siku ya gulio, mgahawani kwa Bi Zuhura, mama mdogo Paskazia akiwepo, na huyu aseme mwenyewe. Mjomba akanitazama, akasema taratibu, “Mwanangu, ameshaanguka.” Nikamjibu, “Ameangukia hapa, mjomba. Kule bado amesimama.”

Ikawa hivyo. Mgahawa ulijaa, wale wa magunia wote walikuwepo. Bi Zuhura alifunga milango ya jikoni ili sufuria zisipige kelele. Egidi alisimama katikati ya meza, akasema kwamba maneno ya gemu yalikuwa ya Leokadia na si yake, na kwamba lile la pazia na madereva alilitunga. Alisema akitazama sakafu, kwa sauti ya kuungama. Nikamwambia, “Rudia. Imba kama kanisani, kaka, wa nje nao wasikie.” Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Akarudia. Mama mdogo Paskazia alijifunika uso kwa kanga yake, na alipofunua akaja kunishika bega, akaninong’oneza kwa Kinyambo kwamba basi sasa, mtoto, inatosha, mpe mkono. Egidi alikuwa ameshaunyoosha. Jasho lilikuwa limeloweka ukosi wa shati lake jipya.

Niliutazama ule mkono, nikapita. Niliingia chumba cha nyuma, nikaketi juu ya gunia, nikaiwasha mashine. Kupitia tundu la kanga dirishani nilimwona ametoka, amesimama njiani ubavuni mwa mgahawa, katikati ya watu wa gulio waliokuwa wakimkwepa kama nguzo, na hakuna aliyemwambia aondoke wala aliyemwambia aketi. Nilicheza mpaka Bi Zuhura akaja kuzima jenereta, na nilipochungulia tena alikuwa bado amesimama pale pale juani.